Pande Mbili za Mashua

Tulipotoka Kibirizi jua lilikuwa bado nyuma ya milima.
Nilibeba unga, sufuria mbili, mafuta ya taa,
na wasiwasi ambao sikuuandika kwenye orodha.
Tanga letu lilikuwa turubai la hema kuukuu,
nililinunua Kasulu baada ya kugombana na muuzaji asubuhi nzima.
Fundi wa Katonga alilikata, akalipinda, akalishona mara mbili,
akasema, "Hili litashika. Ninyi je?"

Pacha hawakupatana juu ya jina la chombo,
basi kila mmoja akapewa ubavu wake na kopo la rangi.
Bukuru akaandika kushoto: TWENDE.
Butoyi akaandika kulia: BADO.
Kiza, mdogo wao aliyewafuata
(Kiza wa jina tu, uso wake taa),
akabandika kiganja chake chenye rangi kwenye usukani.

Miaka kumi na tisa mume wangu alikuwa mtu wa mashine,
chini, tumboni mwa meli, masikio yamezibwa pamba.
Mwambao huu kaupita mara ambazo hata karani hazijui,
na hajawahi kuuona.
Ilagala kwake ilikuwa kengele mbili na injini kukata pumzi.
Sigunga, mnyororo wa nanga,
kisha magunia ya dagaa yakitua juu ya kichwa chake, pu, pu.
Mugambo, sauti ya mwanamke yule yule, safari baada ya safari,
akiuliza kama kuna barua.
Sasa yuko juani, vifungo wazi,
anautazama ufuko kama mgeni wa harusi
asiyejua akae upande wa bwana au wa bibi.

Malagarasi inapoingia ziwani maji yaligeuka chai ya maziwa.
Kiza akayachota kikombe, akaonja, akatema,
akadai sukari.

Mbele ya Sunuka upepo ukafa.
Tanga likaning'inia kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Baba Bukuru akasimama, akaketi,
akalaza kiganja juu ya mbao akitafuta mtetemo.
"Kimya hiki kinaniuma meno," akasema.
Sikumjibu. Nilikuwa nakata kitunguu
na machozi yangu yalikuwa na kisingizio.

Ndipo Butoyi, chali kivulini mwa tanga, bila kugeuka:
"Baba, kule melini ulikuwa ukitukumbuka,
au kelele zilizidi?"

Nyumbani swali kama hilo lina mlango wa kutokea.
Mtu huvaa kandambili, akaenda kununua vocha.
Chombo cha hatua tisa hakina mlango.
Akanyamaza hadi kitunguu kikaiva.
"Injini ilikuwa ikiwaita," akasema.
"Bukuru-Butoyi, Bukuru-Butoyi, usiku kucha.
Ikikosea mpigo, nashika spana."

"Na mimi?" akauliza Kiza.

"Wewe ulikuja mashine imezimwa."

Kiza akaipima hiyo, akaiona ni zawadi.

Alasiri upepo ukarudi bila kuomba radhi.
Tulilala Sigunga, tukala migebuka ya kuchoma,
na mume wangu akatembea ufukoni peku
akiwahesabu watu kwa macho, mmoja mmoja.
Kalya hatukufika, wala Mugambo.
Unga uliishia Herembe, na yule mwanamke
hatukumpelekea barua wala jibu.
Tukageuza omo, tukabisha kuelekea kaskazini,
mwambao sasa ukiwa kuliani.

Karibu na Karago wasichana walikuwa wakisugua masufuria kwa mchanga,
wale wale waliotupungia siku tulipokwenda.
Mmoja akakinga jua kwa sahani, akasoma ubavu wetu
herufi kwa herufi, B, A, D, O,
akapaza sauti:
"Wenzenu TWENDE wamepita Jumatatu!
Mkikaza mtawakuta!"

Pacha wakatazamana.
Mume wangu akalegeza demani.