Makopo Sitini na Mbili

Roshani yetu ni hatua tatu kwa moja na nusu,
ghorofa ya nne, Michenzani, upande wa jua la alasiri,
na hapo pana makopo sitini na mbili.
Sikuhesabu mie. Kahesabu Biubwa
siku aliyokosa pa kuanika kanga.

Kutwa nipo Mkunazini, lenzi jichoni,
natafuta tumboni mwa saa kijino kilichovunjika.
Jioni lenzi ile ile naipandisha ngazi
kuwasaka vidudu weupe, kama unga wa muhogo,
wanaojificha kwenye makwapa ya mimea.
Nawatoa mmoja mmoja kwa kibano.
Jirani Faki hachoki: "Fundi, hata miti unaifungua?"

Mshubiri tunaujua; bibi zetu walijipaka
mtoto aachishwe ziwa.
Mnyaa tunaujua, utomvu wake usikuguse jicho.
Lakini hawa wengine wamekuja bila majina,
ndani ya bahasha, ndani ya soksi,
kwa mkono wa Shaame, mpwa wangu wa Maskati.
Basi nimewapa mwenyewe.
Huyu wa mviringo, mvi tupu, ni Sheha Mstaafu.
Yule anayemwaga shanga nje ya kopo la maziwa,
Mkufu wa Rehani.
Na wale wawili waliojifanya mawe
nimewaita Wadaiwa: ukibisha hodi, hawapo.

Bomba letu huamka saa nane za usiku.
Hukohoa kwanza, likatema hewa, likatema kutu,
kisha ndoo mbili tatu, kwaheri.
Nikadhani tumeelewana, mie na wao,
viumbe wa kuweka akiba mwilini.
Kumbe adui hakuwa kiu.
Mwaka wa kwanza niliwaua kwa huruma,
kijiko asubuhi, kijiko magharibi.
Wakavimba, wakalainika,
wakanuka kama fenesi lililosahauliwa.
Kumpenda asiyetaka kitu
ni kazi ya mikono kukaa mfukoni.

Masika ikaja. Nikawaingiza wote chumbani.
"Mie niliolewa na mwanamume," akasema Biubwa,
"sikuolewa na jangwa."
Akalala ukutani, miguu kaikunja, kama mgeni.

Hata hivyo Sheha akaoza ubavu.
Nikamkata kwa wembe mpya, nikakata tena,
mpaka nyama ikawa safi, haina doa.
Kidonda hupakwa mdalasini,
huachwa kikauke siku kumi
kabla hakijaonyeshwa mchanga.
Mdalasini ulitoka jikoni,
na pilau ya Ijumaa ikaja haina harufu.
Hakusema kitu.
Wiki ile ile nikakuta dirishani kijikaratasi kimekunjwa:
mdalasini, umetwangwa laini
kuliko ninavyotwanga mie.

Pembeni kuna mpungate mrefu, wa pembe nne.
Miaka sita niliungoja.
Mwezi wa saba ukatoa tumba,
likaning'inia kama mrashi.
Usiku wa kwanza nikakesha kitini, wa pili, wa tatu.
Wa nne nikasinzia,
na bomba likakohoa,
na Biubwa akaamka na ndoo zake.

Asubuhi ua lilikuwa tambara lililolowa.
"Lilikuwa jeupe," akasema, akikoroga chai.
"Kubwa?"
"Kama sahani ya wageni."
"Likinukia?"
"Kidogo. Kama ndimu ikiwa bado mtini."
"Lilifunguka saa ngapi?"
Akanitazama, mie na saa zangu.
"Ndoo ilijaa, ikamwagika, sikusikia.
Wataka nijue saa?"

Kila siku namuuliza tena, kila siku huongeza kitu.
Jana, nyuzi za ndani zilikuwa rangi ya samli.
Leo, palikuwa na nondo.
Sijui kama alikuwepo huyo nondo.

Kopo la sitini na tatu kalipanda yeye.
Kaliweka karibu na bomba,
na mie nimekatazwa kuligusa.