Herufi Iliyodondoka

Pale Todmorden, mtaa unaopanda kilima kama ngazi,
Clifford Ogden alichapa kwa herufi za risasi,
na ukutani alikuwa na msumari wa aibu zake.

Hapo ilining'inia menyu ya hoteli ya stesheni:
baada ya kondoo wa kuokwa
wageni waliahidiwa jangwa, na krimu juu yake.
Hapo tangazo la Bi. Lumb, muuza maua,
likiwaita maharusi waje wachague unga.
Kiingereza, alisema Clifford, ni nyumba ya mapacha:
ukiita mmoja wanaitika wawili,
na kizani hujui umemfungulia nani.

Kisha Novemba, kadi za msiba wa Harold Greenwood,
msambaza maziwa miaka thelathini na mmoja.
Kadi mia na ishirini, ukingo mweusi,
nusu zimekwishatiwa posta
ndipo akaona.
Alikusudia kusema familia imo katika maombolezo.
Kadi zilisema familia imo katika asubuhi.

Herufi moja tu, u,
kichuma kisichozidi punje ya mchele.
Aliikuta kwenye pindo la suruali yake.

Akapanda kilima, kofia mkononi, mvua kisogoni.
Nitazichapa upya usiku huu huu, alisema, bila malipo,
na nusu ya maneno ikamkwama kooni.
Hilda Greenwood alivaa miwani.
Akasoma. Akavua, akaifuta kwa aproni, akasoma tena.

"Saa kumi na moja alfajiri," akasema,
"alikuwa akirudi kitandani na viatu vyake
kunigusa shingo kwa pua baridi kama barafu,
halafu nasikia chupa zikigongana
mpaka kona ya kanisa.
Namkemea kwa ajili ya shuka. Kila siku namkemea.
Hii kadi haina kosa, Bwana Ogden.
Humo ndimo tulimoishi."

(Mwalimu Pickles alisahihisha yake kwa wino mwekundu,
akaja nayo mazishini. Hakuna aliyemwangalia.)

Lakini usiku ule Hilda alinyoosha kiganja,
akaiomba ile herufi.
Kwa lugha yao, ukiitamka peke yake,
ni sawasawa na kumwambia mtu: wewe.
Akaitamka, mara moja, kuelekea jikoni,
akaitia mfukoni mwa aproni,
akamuuliza Clifford kama atakunywa chai.
Itabidi iwe ya rangi, alisema.
Maziwa yamekwisha.