Tela la Kizota

Gari lenyewe dogo. Staleti la mwaka tisini na mbili,
viti vya nyuma tuling'oa, kapeti tukagawa,
milango imebaki bati na kamba ya kuvutia.
Kilo mia saba na arobaini: tulilipima
kwenye mizani ya mahindi pale Kibaigwa,
Nyemo akiwa nje, helmeti yake ikiwa ndani.

Mwaka jana tuliliendesha lenyewe hadi Iringa
ili tuokoe hela ya kukodi.
Lilifika Mtera limechoka kuliko sisi,
likaliona bwawa, likachemka.
Mbio tulizisikia kwa simu.

Basi mwaka huu, tela.

Jumamosi nzima tumezunguka, mimi, Nyemo na daftari.
La kwanza Chang'ombe, kwa Chibago mchomeleaji:
jepesi, ekseli moja, rangi bado inanata kidoleni.
Chibago akalipiga teke, akasema linabeba hata ng'ombe wawili.
Nikamwambia ng'ombe akichoka hushuka mwenyewe.
Nikainama chini. Maungio mengine yamevimba kama kovu,
mengine yamegusana tu, kama watu wa msibani
wanaopeana mkono bila kujuana.
Bei ilikuwa tamu, Nyemo ameshaanza kutabasamu.
"Fundi," nikauliza, "breki ziko wapi?"
Akaionyesha Hailaksi yetu: "Si zile pale?"
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

La pili Area D, uani kwa bwana mmoja anayehama:
sanduku zima, lina paa, lina taa na kitasa.
Nyemo aliingia, akajifungia, akacheka peke yake gizani.
Lakini upepo wa Dodoma mnaujua,
Septemba ukishuka kutoka Ihumwa hauna adabu,
unaokota vumbi, mifuko, na bati la jirani.
Sanduku lile barabarani lingekuwa mwavuli,
na Hailaksi ya mwaka themanini na tisa
si ya kubishana na mwavuli.

La tatu Kizota, nyuma ya godauni.
Lilikuwa limelala kwenye mbigiri,
ekseli mbili, matairi manne yaliyopasuka kama visigino vyangu.
Miaka tisa lilibeba kreti za zabibu kutoka Hombolo;
mbao zake zina madoa ya zambarau hadi leo,
na nyigu mmoja, sijui bado anatafuta nini.
Mama Mbeleje, mwenye nalo, hakulisifu.
"Springi hii ilivunjika Chamwino, nikaweka ya lori.
Tangu hapo linavuta kushoto.
Breki zinashika, ila zinataka uziombe mapema."
Mtu anayekutajia ubovu kabla ya bei!
Nikafunga daftari.

Tulipima kwa kamba. Staleti lingeenea,
vikibaki vidole vinne kila upande.
Tulipokuwa tunahesabu noti akaongeza jambo moja:
injini iangalie mbele, uzito uegemee ndoano.
Ukiuweka nyuma, tela litatikisa mkia,
na ukishauona mkia kwenye kioo
umechelewa.

Jioni tukalivuta tupu. Debe lina ndugu zake:
lilivuma kutoka Kizota mpaka Ipagala,
kila tuta likitangaza manunuzi yetu.
Mbwa wakatoka, watoto wakatoka,
Sekwao wa jirani akauliza kama tumehamia kwenye zabibu.

Usiku Nyemo akalipandisha Staleti juu ya mbao, taratibu,
namwelekeza kwa tochi ya simu, njoo, njoo, njoo, basi.
Akazima. Hakushuka.
Yeye anayeingia kona bila kugusa breki
alikaa mle, mikono kwenye usukani,
akijaribu kuzoea kubebwa.
Nikafunga mikanda ya magurudumu,
ule wa kushoto
nikaukaza mara mbili.