Shibiri Moja

Mkebe ni wa maziwa ya unga, kifuniko kina kutu,
na ndani yake mjomba Mchopa aliacha duka zima:
ndoana kumi na moja zimechomekwa kwenye kizibo,
vyelezo alivyochonga kwa kandambili ya marehemu mkewe,
kimoja bado kina alama ya kisigino,
plagi za pikipiki zilizokufa, ndizo chubwi zake,
na mshipi umezungushwa kwenye gunzi la hindi
taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

Aliondoka Rutamba kwa basi la alfajiri,
macho yana ukungu, anakwenda Lindi kwa binti yake
kungoja zamu ya daktari.
Mkebe alinikabidhi. Maneno aliondoka nayo.

Mengine niliyajua kwa kuchungulia.
Bibo lilale siku mbili, lichache, lipate ulevi wake,
lifinyangwe na pumba mpaka donge liache kung'ang'ania vidole.
Donge lipakwe kwenye chubwi, si kwenye ndoana;
ndoana ivae sabuni ya mche, kidogo tu, kama punje,
maana kambale haoni mbali lakini ana pua ya mgeni mwenye njaa.
Na fundo: zungusha mara saba, rudisha ncha tunduni,
lowesha kwa mate ndipo uvute.
Fundo kavu hujiunguza lenyewe.

Kilichobaki ni kipimo.
Kutoka chubwi mpaka ndoana, uzi uwe urefu gani?
Nikampigia. Mtandao ukakatika, ukarudi.
"Shibiri moja," akasema, "usiongeze, usipunguze.
Na dada yako Somoe, keshajifungua?"
Simu ikakata.

Shibiri moja. Nikatanua mkono wangu,
gumba huku, kidole cha mwisho kule, nikakata.

Siku tatu ziwa likanila chambo.
Mshipi unatikisika kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi,
navuta, ndoana inatoka safi kama jino.
Ndembo, mtoto wa jirani, akawa anacheka kwa adabu,
amegeukia matete.
Nikalaumu bibo. Nikalaumu sabuni,
kwamba siku hizi wanatia chokaa.
Nikalaumu mwezi, ambao haukuwepo hata kujitetea.

Siku ya nne, nikiwa nafunga ndoana upya,
nikaukumbuka mkono wake wa kulia
ulivyokuwa ukishika kikombe cha uji:
gumba na kidole cha shahada, basi.
Vile vitatu vilibaki Mchinga, mwaka ule
utambi wa baruti ulipokuwa mfupi kuliko hesabu yake.
Ndipo akahamia huku, kwenye ziwa lisilo na kishindo,
akaanza kutoa samaki mmoja mmoja
kama mtu anayelipa deni la dukani.

Kwa mkono ule, morita ndiyo shibiri.

Nikakunja vidole vyangu vitatu. Nikapima. Nikakata.
Uzi mrefu humpa kambale nafasi ya kuonja na kutema;
huu mfupi, anafyonza tu,
na kabla hajafikiri, uzito wa plagi umeshamjibu.

Adhana ya adhuhuri haijaisha, mshipi ukanivuta bega.
Nikaingia maji ya magoti na gauni langu la nyumbani,
Ndembo anapiga kelele "mlegezee, mlegezee!"
kana kwamba yeye ndiye aliyefunga fundo.
Sharubu nane, kichwa bapa kama jembe lililochoka,
kilo tatu na robo kwenye mizani ya muuza sukari,
ambaye alisema robo ni matope.

Jioni akapiga mwenyewe.
"Wanakula?"
"Wanakula, mjomba."
"Kwa shibiri moja?"
Nikautazama mkono wangu, una harufu ya sabuni na tope,
vidole vitatu bado vimelala kiganjani
kama vilivyosahau kuamka.
"Shibiri moja," nikamwambia. "Sikuongeza."
Akacheka. Nyuma yake nikasikia mtu anamwita akatiwe dawa ya macho.