Maneno Yenyewe

Wakili Kemigisha ametoka Hoima, Kilugbara hakijui.
Tunakutana ndani ya Kiswahili
kama wageni wawili chini ya mwavuli wa kuazima.

Ofisi ya msaada wa sheria iko juu ya duka la magodoro,
hapa Arua, ngazi ya chuma, vidato kumi na saba.
Mimi ni mweka hazina. Nahesabu.

Aliuliza: Alisema nini?
Nikajibu: Ameniharibia jina.
Hilo ni jeraha, akasema, mimi nataka kisu.
Alisema nini? Kwa lugha gani? Saa ngapi?
Nani alikuwa amesimama wapi?

Mwaka mzima nimeyazunguka maneno yale
kama mtu anayekwepa kinyesi njiani,
gauni nimelikunja, pua nimeiziba.
Mbele ya mwenyekiti wa kijiji nilisema "yale mambo".
Mbele ya polisi nilisema "matusi",
askari akapiga miayo, akauliza
kama nina chochote cha mafuta ya pikipiki.
Kumbe sheria haigangui mafumbo.
Sheria inayataka maneno yenyewe, mabichi, na mate yake.

Basi nikayatamka.
Kwa Kilugbara kwanza, jinsi Anguzu alivyoyatamka
kwenye mashine ya kusaga, Jumatano, foleni imefika barabarani:
kwamba pesa za wajane nimezila na wanaume,
mwizi mimi, malaya wa stendi ya mabasi.
Karani Jurugo akayageuza Kiingereza,
akasita, akafuta, akaandika tena.
Kwa Kiingereza yalivaa tai.
Yalikaa kwenye karatasi yamekunja miguu,
aya ya nne, kifungu kidogo cha pili,
na mimi, kwa mara ya kwanza, nikayatazama
nikaona ni mstari mmoja na nusu.

Mashahidi, akasema.
Nikacheka.
Foleni ile ilikuwa na watu thelathini na mmoja
na wote siku hiyo walikuwa na unga masikioni.
Katibu wa kikundi alikuwa anafunga gunia.
Shemeji yangu alikuwa anatafuta chenji.
Jirani hakumbuki hata kama wiki ile ilikuwa na Jumatano.

Aliyekuja ni Zamzam, Mnubi wa chapati,
ambaye sikuwahi kumpa zaidi ya salamu na mia tano.
Akapanda vidato kumi na saba akitweta, akakaa, akasema:
Sikio langu la kushoto lilikufa na surua, nikiwa mtoto.
Lakini yule bwana alisimama kuliani.

Simu za usiku bado zinakuja. Namba hii, namba ile,
pumzi tu, au kicheko, au yaleyale.
Zamani nilizima, nikaifukia simu kwenye pipa la mtama.
Wakili amesema: usizime. Andika.
Nimechukua daftari lilelile la kikundi,
lile linaloonyesha kila shilingi ilikolala,
nimeligeuza nyuma, nimepiga mistari kwa rula:
tarehe, saa, namba, alichosema.
Jumatatu, saa nane na dakika kumi na mbili, pumzi.
Jumanne, saa tisa kasorobo, "utahama mji huu".
Mkono ulitetemeka kurasa mbili za mwanzo.
Mwandiko wenyewe unasema.

Barua imeondoka jana kwa bodaboda:
aombe radhi palepale kwenye mashine, mbele ya foleni,
siku kumi na nne, la sivyo mahakamani.
Huenda ataomba. Huenda ataifungia karanga.
Kemigisha ameniambia bila kuficha
kwamba kesi yaweza kuota mvi kabla yangu.

Leo kabla ya alfajiri imelia tena.
Nimeamka, nimewasha taa ya sola, nimevaa miwani,
nimesema:
Ndiyo, Anguzu. Sema polepole,
kalamu hii wino wake unasuasua.