Bei kwa Herufi

Ermete, mchonga mawe wa Pietrasanta,
hutoza kwa herufi.
Fosca kaleta mwaka wa mumewe
nyuma ya risiti ya dawa:
elfu moja mia tisa thelathini na nane.

Penseli ikaanza kuupasua.
M, elfu nzima.
C ikaitangulia M ya pili, ikailia mia.
X, X, X, bega kwa bega,
V, na vijiti vitatu.
"Kumi," akasema. "Kuzaliwa ghali."

"Na kufa?"
Elfu mbili na moja.
MMI.
Tatu tu, hazijazi kiganja.

Fosca akahesabu noti, akasita.
"Na sifuri? Zile mbili za katikati?"
"Warumi hawakuwa nayo, mama.
Pasipo na kitu hawakuchonga kitu."

Akapapasa marumaru palipobaki peupe.
"Hapa basi
usinitoze."