Kebo Juu ya Viazi vya Tumwitike

Mita tisini na mbili.
Nimezipima kwa kamba ya kufungia ng'ombe, mara mbili,
kwa sababu mara ya kwanza ukungu wa Isongole
uliimeza ncha ya kamba pamoja na mtoto aliyeishika.

Huku, dirisha la chumba cha nyuma na redio yangu.
Kule kilimani, mlingoti umesimama peke yake,
mti na nguzo kwa jina moja,
na antena imetanda kama mbawa za panzi aliyekauka.
Katikati, viazi vya Tumwitike.

Kebo si kamba ya kuanikia nguo.
Ndani ya ngozi yake nyeusi mna uzi wa shaba
uliolala katikati kabisa.
Ivute mpaka ikaze, uzi ule utasogea,
nusu ya unene wa unywele,
na sauti itafika mlangoni ikichechemea.
Usiibebeshe uzito wake yenyewe.
Hilo nililijua kwa hasara, mwezi wa nane,
upepo ulipoikata pale pale nilipoifunga kwa ubishi.

Safari hii nimetanguliza waya wa chuma.
Upite juu, ubebe;
kebo ining'inie chini yake kwa vitanzi vya tyubu ya baiskeli,
kimoja kila hatua. Nilivikata usiku,
mke wangu akiuliza: hiyo ni redio au mtego wa ndege?

Asubuhi Tumwitike akaja na jembe begani.
"Ugonile, Mwakyoma. Nguzo zako zipite.
Lakini kwangu hatupimi kwa futi."
Akajitwisha tenga la viazi,
juu ya tenga kuni,
juu ya kuni akalilaza jembe,
akasimama kwenye tuta, shingo wima.
"Weka juu ya hapo. Kisha ongeza shubiri.
Binti yangu bado anakua."

Nikaandika kwenye daftari:
Tumwitike, tenga, kuni, jembe, shubiri moja.

Nguzo tano, miguu yao imelowa oili chafu.
Sikukaza. Kila baina ya nguzo na nguzo nimeacha tumbo,
maana baridi ya Juni huufupisha waya
na upepo hutaka pa kuchezea.
Karibu na dirisha nikaishusha kebo chini ya kizingiti,
ndipo ikapanda kuingia ndani:
mvua huifuata kebo kama mbuzi afuatavyo kamba,
basi ifike pale chini, ikose njia, idondoke.
Na kwa ajili ya radi, fimbo ya shaba ardhini,
nikiomba isije ikahitajika.

Usiku ule mtu akaniitikia kutoka Finlandi.
Tumwitike alikuwapo, akimenya kiazi cha moto.
"Anasemaje?"
"Anasema ananisikia."
"Na wewe?"
"Nimemwambia namsikia."
Akatafuna polepole.
"Mashimo matano, kwa hilo?"
"Kwa hilo."
"Muulize kama kwao viazi vinaoza mwaka huu."
Nikauliza. Mawimbi yakamchukua kabla hajajibu.

Aprili ikashuka na maji yake yote.
Usiku mzima nilisikiliza bati, sikusikiliza redio.
Alfajiri nikatoka mbio, matope magotini,
nikaikuta nguzo ya tatu imeinama,
lakini imeegemezwa kwa miti ya maharage, mitatu,
imekitwa kwa kisigino; alama za kisigino bado zilikuwa na maji.
Na mahali palipokatika kitanzi
palifungwa kipande cha kitenge cha njano,
kwa fundo lile la kumfungia mtoto mgongoni,
ambalo halikazi wala halilegei.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
alisema hivyo mtu aliyekuwa amekaa akitazama.

Tyubu za akiba ninazo, ndoo nzima.
Kitenge kimepauka, sasa ni rangi ya ukungu.
Sijakibadilisha.